Hongera, Mhitimu

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Sinza. Natanguliza hilo mapema kwa sababu sisi mafundi tunalalamikiwa mwaka mzima bila likizo. "Fundi muongo." "Fundi kaniambia Jumamosi, Jumamosi nafika namkuta anakata gauni la mtu mwingine." Sawa, yote nimesikia. Leo zamu yangu.

Kuna jamaa yangu tunamwita Injinia. Anatengeneza simu pale Makumbusho, ana miaka 38, mke, watoto wawili na bodaboda ya mkopo. Mwezi uliopita kaja kibandani kanionesha picha kwenye simu: mtu wa katuni ya Kijapani, joho jeusi hadi kwenye kisigino, mawingu mekundu yenye ukingo mweupe, kola imesimama mpaka puani. "Fundi, nataka hivi hivi." Nikamuuliza kama anaingia upadri. Kasema anakwenda kwenye tamasha la mashabiki wa anime, watu wanavaa kama wahusika wao, inaitwa kosplei.

Nikapiga hesabu ya kitambaa cha Kariakoo, mita nne nyeusi, bitana, na yale mawingu. Mawingu usiyachukulie poa ndugu yangu. Unalikata, unalizungushia ukanda mweupe, unalibana na pini, unashona zigizaga pembeni, na kila penye kona unainua mguu wa cherehani, unageuza kitambaa, unaushusha tena. Wingu moja lina kona kumi na moja. Mawingu yalikuwa kumi. Yaani nilifika mahali nikitoka nje usiku nikaona wingu angani, naliangalia kwa chuki.

Kola sasa. Nikaiwekea kitambaa kigumu safu mbili, ikalala. Safu tatu, ikalala. Mwisho nikachana dumu la maji, nikakata ukanda wa plastiki, nikauchomeka ndani. Ikasimama kama askari wa zamu. Hiyo haifundishwi chuo chochote.

Bei 80,000. Katoa 45,000, iliyobaki "tutaongea". Mtu akikwambia tutaongea, jua mazungumzo yameisha. Ijumaa ya ufunguzi ilipofika nikamwambia, Injinia, deni langu linatoka na hilo joho, basi na mimi natoka nalo. Kacheka, kanikatia tiketi ya 15,000. Nikafurahi. Baadaye ndiyo kaniambia kaitoa kwenye deni.

Wa tatu wetu alikuwa Mwalimu, dada mmoja anafundisha fizikia sekondari, kavaa wigi la bluu. Hiyo sketi yake sikushona mimi, nilipoona pindo lake nikanyamaza kimya, mtu na rafiki yake.

Tukapanda daladala ya Posta. Injinia hajaweka hata mguu wa pili ndani, konda kapaza sauti: "Mpisheni mhitimu! Hongera sana kaka, sogea nyuma!" Gari zima likageuka. Watu wakampa mkono. Mama mmoja mwenye kapu kampisha kiti na kumuuliza kwa upole, "Mwanangu, umesomea nini?" Injinia mdomo uko ndani ya dumu la maji, anatoa sauti kama redio iliyofunikwa na mto. Mwalimu akamjibia, "Utabiri wa hali ya hewa, mama."

Mama akayatazama yale mawingu taratibu, moja baada ya jingine. "Ee, naona. Sasa baba, kesho mvua ipo? Maana nina dagaa wangu nataka kuanika."

Injinia katikisa kichwa kuwa haipo. Mungu awe na wale dagaa.

Foleni ikatukamata Morocco, na hapo ndipo Mwalimu alipofungua darasa. Kasema haya mambo watu wanadhani yameletwa na intaneti, kumbe mwaka 1939 kulikuwa na mkutano wa dunia wa mashabiki wa hadithi za kisayansi kule New York, wa kwanza kabisa, na watu wawili wakaenda wamevaa mavazi ya watu wa siku zijazo, mwanamume Forrest Ackerman na mwanamke Myrtle Douglas. Wenzao wote wamekuja na suti. Hilo jina la kosplei lenyewe limekuja baadaye sana, miaka ya 1980, kwa Wajapani.

Mimi nikamuuliza swali moja tu. "Nani alishona?"

"Myrtle. Alishona yake na ya mwenzake."

"Na anayesifiwa sana ni nani?"

Mwalimu akafikiri kidogo. "Ackerman."

Nikamtazama Injinia. Injinia akatazama dirishani, ingawa kwa ile kola alichoweza kuona ni dari la gari tu.

Tiketi imeandikwa saa 12 jioni. Saa 12 kamili tuko mlangoni, ukumbi mmoja maeneo ya Upanga, tunafungwa mikanda ya mkononi. Saa 1 bado viti vinapangwa. Saa 1 na nusu mshereheshaji kashika maiki, na mimi nilimjua kwa sauti tu, maana harusi tatu nilizoshonea sare za kamati alikuwa yeye. Kasema, "Tunaomba uvumilivu, tunamsubiri mgeni rasmi." Yaani watu wamevaa mapembe, mikia, mabawa, wako tayari kuokoa dunia, lakini dunia haiwezi kuokolewa mgeni rasmi hajafika. Mwalimu kanifariji kwamba hata lile tamasha kubwa la mashabiki wa vibonzo kule San Diego, Marekani, lilianza mwaka 1970 na watu kama 300 tu kwenye ghorofa ya chini ya ardhi ya hoteli. Nikamwambia 300 si tatizo, hao angalau walianza.

Njaa ikauma. Chipsi mayai ya pale 8,000. Kwa bei hiyo nilitegemea kuku atoke jikoni mwenyewe kuja kunishukuru. Nikanunua maji.

Mgeni rasmi kafika saa 2, suti nzuri, mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia kwa nusu inchi, lakini hayanihusu. Kahutubia vijana wajiajiri. Vijana wanamsikiliza, mmoja ana macho matatu.

Katikati ya hotuba nikasikia mlio. Fundi yeyote anaujua, ni kama mtu anachana gazeti taratibu: *krrrr*. Kugeuka, kijana mmoja kavaa kama shetani, pembe za boksi zimepakwa rangi nyekundu, kainama kuokota simu na suruali imeachia nyuma, kutoka mkandani mpaka kwenye njia panda. Kashika kwa mikono miwili, analia kwa sauti ndogo, "Napanda jukwaani sasa hivi."

Sindano yangu huwa naichomeka chini ya kola ya shati, na uzi mweusi nimeuzungushia kadi ya laini ya simu mfukoni. Ni mazoea tu. Mwalimu, ambaye hajui kunyamaza, akapiga kelele: "Tulieni! Tuna fundi hapa!"

Basi mimi ufunguzi sikuuona. Nilikaa nyuma ya spika, simu ya Mwalimu inanimulikia, shetani kalala kifudifudi juu ya viti viwili na mimi nampiga kushona ya kurudi nyuma, ile isiyofumuka hata akiruka sarakasi. Kila spika ikipiga besi, sindano inahama. Namwambia tulia, anasema nimetulia, ni muziki. Nilipoinua kichwa kuna foleni. Kweli, foleni. Malaika bawa limening'inia. Binti wa kifalme zipu imekula kitambaa. Mwenye upanga wa mbao anataka mkanda wa kuuning'inizia, nikamwambia huo si ushonaji, huo ni useremala. Wote wananiita "mzee", na wote "nitakutumia kwa simu".

Nikiwa kwenye bawa, nasikia mshereheshaji: "Huyu sasa! Mwenye mawingu! Makofi yake jamani, makofi ya kilo!" Ukumbi ukalipuka. Nikachungulia. Injinia yuko katikati ya jukwaa, taa zote zake, anazunguka taratibu, na joho linafunguka chini kama mwavuli. Limekaa. Nasema bila kujisifu, limekaa. Bega limelala palepale bega linapotakiwa kulala, na ile kola, jasho lote lile na joto la Dar, haijayumba. Koo likanikaba kidogo.

Mshereheshaji kamsogezea maiki. "Kaka, joho hili ni moto! Nani kakushonea?"

Nikafuta mikono kwenye suruali. Nikanyoosha shati. Mwalimu alishaanza kunisukuma mgongoni niende mbele.

Injinia akashusha kola kwa kidole, akasema, "Hii nimeagiza. Japani."

Malaika alipiga ukelele, kumbe nimemchoma.

Usiku tunarudi kwa bajaji, watatu tumebanana, hakuna anayeongea. Injinia ameshinda kofia na stika. Kufika Sinza anashuka, joho likanasa kwenye chuma cha mlango, tukasikia wote: *krrrr*. Kwapa lote la kulia, mpaka kwenye wingu la pili.

Kaliangalia. Kaniangalia. "Fundi wangu," kasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku anaomba punguzo, "kesho ndiyo siku yenyewe ya mashindano. Hili utanimalizia lini?"

Kesho ilikuwa Jumamosi.

"Njoo Jumamosi," nikamwambia, nikamlipa dereva wa bajaji, nikaingia ndani kulala.