Bia ya krafti haijui raundi

Nilitua Kisumu Agosti nikiwa na mikebe nane ya bia kwa suitcase, sita nimezifunga na soksi na mbili nimezifunga na sweta ya mama, ambayo ndiyo ilikuwa zawadi yake. Mama yangu ni Quaker wa Lugulu, wale wa kanisa la Friends lililoingia na wamishenari Kaimosi 1902, na pombe na hao watu ni mbalimbali kabisa, kwa hivyo yeyote anayemjua tafadhali asimwonyeshe hii kitu.

Niko Minnesota mwaka wa tisa sasa. Kule summer ikifika jua linakawia hadi karibu saa tatu usiku na watu wanakaa nje kama wanaolipiza kisasi kwa Januari, na mtaani kwangu kuna mahali wanapika bia hapo hapo unapokunywa, mapipa makubwa ya chuma unayaona nyuma ya kaunta, mpishi mwenyewe anatoka na gambuti anakuambia hii ya leo ameweka nini. Wanakuletea vigilasi vinne vidogo kwenye ubao, unaonja moja moja, unatoa maoni kama jaji. Mwaka wa kwanza nilicheka hiyo maneno. Mwaka wa tatu ni mimi nilikuwa natoa maoni. Huo ndio ugonjwa nilibeba nyumbani.

Kisumu nilipokelewa na wenzangu wa haiskuli, jumla tulikuwa saba, tukala mbuta Dunga hadi mkono ukanuka samaki siku mbili, halafu jioni tukaenda kukaa mahali fulani Milimani. Kwa friji ya hapo nikaona bia za krafti, zile za viwanda vidogo, za kupikwa Nairobi, manze nikafurahi kama nimeona ndugu. Nikaambia weita atuletee tofauti tofauti tuonje, nyeusi, ya ngano, IPA ile chungu. Meza ikanyamaza. Mmoja akaniuliza polepole, kwani hizo ni ngapi? Mia tano moja. Tusker ilikuwa mia mbili themanini.

Sasa mimi nikadhani wananionea huruma, nikasema hakuna shida wazee, leo ni mimi. Kumbe sikuwa nimeelewa, na nimekulia huko! Mtu wa majuu akikaa kwa meza, raundi ya kwanza inajulikana ni ya nani, hilo halina mjadala. Shida ni raundi ya pili. Saba mara mia tano ni 3,500, na atakayefuata mimi lazima arudishe kitu inafanana na hiyo, na hapo mezani kuna mwalimu wa primary mwenye watoto wawili form one na form three, hawezi, na hawezi kusema hawezi. Tusker ni 1,960, hiyo ataumia lakini atarudisha. Ukinunulia watu kitu ambacho hawawezi kukurudishia umewafunga mdomo, hata kama ulikuwa unataka tu waonje ngano. Wataanza kuangalia simu, mmoja atakumbuka bibi yake anamngoja, na saa tatu meza imeisha.

Kwa hivyo tukaletewa za kawaida mbili mbili na mambo yakarudi sawa, kelele ikaanza, siasa, nani alioa nani.

Hapo tu kuna kitu lazima niseme. Weita akiuliza "baridi ama moto?" mimi nilikuwa nimesahau hilo swali lipo duniani. Kule hakuna mtu anakuuliza. Lakini kuna mzee meza ya pili alikuwa anakunywa Guinness ya moto, yaani ile haijaingia friji, na vijana wanamcheka, na mimi niliyepitia zile ubao za vigilasi nawaambia huyo mzee ako sawa kuliko nyinyi wote. Bia nyeusi ikiwa baridi sana ile ladha ya nafaka iliyochomwa inajificha, ulimi unakufa ganzi, na hata wapishi wa krafti watakuambia uiache ipoe tu kiasi. Anko zetu walijua hiyo zamani na hakuna aliyewapa cheti.

Na tusidanganyane ati krafti ni kitu geni. Kenya Breweries yenyewe ilianza 1922 kama kakiwanda kadogo ka ndugu wawili wazungu, mwaka uliofuata ndovu akamuua mmoja wao na bia ikapewa jina la huyo ndovu, Tusker. Wangekuwa Minnesota ya leo wangewekewa ubao.

Kesho yake nikapanda matatu hadi Bungoma, kwa khotsa wangu, yaani mjomba, karibu na Kimilili. Mikebe yote nane niliihamishia huko kabla mama hajafungua sweta. Ilikuwa mwaka wa shufwa na Agosti ya shufwa kwetu Bukusu ni tohara, usiku unasikia chinyimba, zile kengele za chuma, zinalia kutoka boma hadi boma, kijana anacheza na nyuma yake kijiji kizima kinaimba, na kila boma lenye kijana lina busaa.

Nikawapanga wazee chini ya mwembe nikafungua IPA ya kwanza, tukagawana kwa vikombe vya chai. Khotsa akaonja, akatazama mkebe mbele na nyuma (ile michoro ya rangi, mpwa wangu wa miaka sita alikuwa ameshauliza kama ni soda), akasema, "Hii ni mwarobaini imevalishwa nguo mzuri." Wengine wakakubali. Nikajaribu kuwaelezea habari ya hopsi, yale maua ndio yanaleta uchungu na harufu, hawakuwa na haja. Na ukifikiria, kwa nini wawe nayo? Hopsi inataka mchana mrefu wa summer ndio ichanue vizuri, sisi hapa ikweta mchana ni masaa kumi na mbili Januari hadi Desemba, uchungu huo haungezaliwa Bungoma kirahisi hata tungeutaka.

Stauti, ile nyeusi, waliipenda. Halafu kulikuwa na moja chachu, wanaita "sour", nikampelekea kukhu, nyanya yangu, kwa kikombe chake. Ako na miaka themanini na kitu na busaa amepika tangu msichana. Akaonja mara mbili. Akasema, "Huyu alikuwa na haraka."

Nilicheka lakini nikakaa naye anieleze, na ndio nikajua kumbe sikuwahi kuangalia vizuri. Unga wa mahindi unakandwa na maji unaachwa siku kadhaa uchachuke wenyewe. Halafu unakaangwa kwa bati kubwa juu ya moto, unageuza na jembe ama mwiko mrefu, macho yanatoa machozi, hadi unakuwa kahawia na kijiji chote kinajua leo kwa nani kuna kitu. Wimbi nayo inalowekwa ichipuke, inaanikwa, inasagwa, hiyo ndiyo kimera, bila hiyo unga hauwezi kugeuka sukari na hakuna pombe. Unachanganya na maji, siku mbili tatu, basi. Kuchachusha, kuchoma nafaka, kuchipuza, yote matatu kwa pombe moja, na yule jamaa wa gambuti kwangu kule anaitwa msanii kwa kufanya mojawapo.

Lakini kilichonishika zaidi ni mtungi. Wazee kumi wamekaa mviringo, kila mtu na mrija wake, lusekhe, Wajaluo wanaita oseke, kuna mwingine mrefu kuliko mwenyewe, na wote wanavuta kutoka chungu kimoja. Ikipungua senje, shangazi, anaongeza maji moto. Hakuna raundi ya pili ya kuogopa. Hakuna mtu anajua nani amekunywa ngapi. Mwalimu wangu wa Kisumu angekaa hapo hadi asubuhi na heshima yake yote.

Sasa maoni yangu, na mnaweza kunitukana. Hawa wa krafti Nairobi wanapika vizuri, sikatai, lakini wamekopi hadi ubao. Wameleta bia ya kuonja kwa watu wa kunywa pamoja. Kama kuna mtu anataka kupika bia ndogo hapa western, Kisumu, Kakamega, popote, asianze na IPA, aanze na wimbi na mahindi ya kukaangwa, na aiuze kwa chungu, bei ya meza nzima, watu wachange. Keg ya mtama, ile bia ya pipa ya bei nafuu, inayopikwa Kisumu tangu kile kiwanda kifunguliwe 2019 ilishaonyesha watu wetu hawana shida na nafaka ya nyumbani, na kabla ya hapo, 2013, serikali ilipokata nafuu ya ushuru wa hiyo keg bei ikapanda, wanywaji walihama na wakulima wa mtama wakabaki na magunia.

Mtasema sheria. Ni kweli, ile ya pombe ya 2010 tunayoita ya Mututho, mbunge aliyeileta, iliruhusu hata chang'aa ikiwa kwa chupa iliyofungwa vizuri, lakini kukhu na chupa na leseni wapi na wapi? Anapika akisikiliza kama mbwa anabweka, asije polisi akamkuta. Huko Marekani nako kupika bia nyumbani kuliruhusiwa na serikali kuu 1978, Carter akiwa rais, na Minnesota mpishi hakuruhusiwa kukuuzia glasi hapo kiwandani kwake hadi sheria ya 2011. Ni juzi. Nilipokuwa haiskuli hiyo meza yangu ya summer haikuwepo.

Mkebe wa nane sijui ulienda wapi. Khotsa amenitumia voice note wiki iliyopita, salamu ndefu, mahindi yamevunwa, ng'ombe amezaa, halafu mwisho kabisa akashusha sauti kama mtu anayeogopa dada yake anasikia: ukija Desemba, ile nyeusi, hata zikiwa kumi na mbili. Ile ya mwarobaini wachana nayo.