Mwanangu Hana Jini, Anacheza

Jumamosi iliyopita dada yangu alikuja kututembelea hapa Tabata, Dar es Salaam. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, uwanja wote matope, na mwanangu wa miaka 8 alikuwa koridoni na boksi la feni na mfuko wa vifuniko vya chupa za maji. Boksi ndiyo daladala, vifuniko ndio abiria. "Segerea, Segerea! Kimanga, Barakuda! Ingia twende, gari tupu hili!" Gari lenyewe limeshonana mpaka abiria wanamwagikia dirishani. Vifuniko vya bluu ni wanafunzi, na konda kawazuia mlangoni: "Madenti wawili tu! Wengine subirini la nyuma!"

Dada akasimama pale, mwavuli unachuruzika maji. "Baba Baraka, huyu mtoto anaongea na nani?"

Nikamwambia anacheza.

"Peke yake? Mdogo wangu, hili si la kuchekea. Mpeleke akaombewe." Kisha, kwa huruma zote za shangazi, akafungua mkoba na kutoa simu. "Njoo mwanangu uangalie katuni, utulie."

Atulie! Mtoto ambaye kwa nusu saa hakuna mtu aliyemsikia akiomba chochote. Dakika mbili baadaye daladala imetelekezwa, konda kainamia kioo, kidole kinapandisha tu. Chaji ilipokwisha akanijia na wimbo wake wa zamani: "Baba, naboeka."

Nimekasirika wiki nzima. Tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawawezi kukaa bila simu, halafu akipatikana mmoja anayeweza, tunamshuku jini. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, aliandika kwamba mtoto anayejisemesha anaongoza akili yake kwa sauti, na akikua sauti ile huhamia ndani ikawa fikra. Na wewe dada, ukipoteza funguo si unazunguka sebule nzima ukisema "nilitoka jikoni, nikapita hapa, nikaziweka wapi"? Nani alikupeleka ukaombewe?

Mimi naamini mtoto hashindwi kucheza peke yake. Tunamkatiza mpaka anasahau. Tazama siku yake. Basi la shule linapiga honi saa 11 alfajiri, kiza bado. Anarudi jioni, anakuta homuweki, akimaliza tuisheni, akitoka huko kuoga, kula, kulala. Jumapili kanisani, mchana kwaya ya watoto. Hajawahi kupewa saa moja ambayo haina mwenyewe. Likizo ya Juni ikifika tunashangaa hajui la kufanya! Na hata akijiibia dakika zake kumi, tunamvamia: "Unafanya nini hapo? Hebu nione. Safi sana! Ila daladala ina matairi manne, wewe umeweka matatu." Basi, kwisha habari. Ilikuwa safari ya Segerea, sasa ni mtihani, na msahihishaji amesimama juu ya kichwa chake.

Kwangu haikuja kirahisi. Jumamosi ya kwanza niliyoficha rimoti alilia, akalala sakafuni, akaniuliza "nifanye nini?" mpaka nikaanza kuikumbuka nilikoificha. Nikajikaza nikamjibu "sijui", nikaendelea na yangu. Mara kimya. Kile kimya ambacho mzazi akikisikia anajua kuna kitu kinaharibika. Nikachungulia: amevua vifuniko kwenye chupa zote tunazotunzia maji, anavipanga kwa rangi. Dakika 12, nilihesabu. Wiki iliyofuata zikafika 25.

Kosa langu lilikuwa kukaa karibu naye huku nimeshika simu. "Baba, mbona wewe unaangalia?" Ndiyo maana siku hizi nachambua mchele. Nyumba hii haijawahi kula wali usio na mawe kama mwaka huu.

Na yale magari ya betri ya Kariakoo, yanayopiga honi na kuimba yenyewe, waachieni wenye duka. Yanacheza yenyewe, mtoto anabaki mtazamaji. Boksi, kamba, visoda, vipande vya khanga iliyochakaa, vinatosha. Nimemfundisha na mdako: unachimba kishimo, unatia kokoto, unarusha moja juu, na kabla haijatua umeshazikokota nyingine nje. Unaidaka, unairusha tena, unazirudisha zote ila moja. Utotoni tulikuwa tukishindana, lakini nani alijua kushindana bila kwanza kujifungia nyuma ya nyumba na kujifua peke yake? Halafu usimlazimishe kuondoa kila kitu jioni. Akiikuta stendi kama alivyoiacha jana, ataanzia hapo hapo.

Haya, nakubali, simu inaokoa. Kwenye foleni ya Ubungo, mtoto ana njaa na dereva amezima injini, hata mimi natoa yangu. Mama anayefika nyumbani saa 2 usiku na bado hajabandika chungu, sina ubavu wa kumhukumu. Kubishania mtoto akae mbele ya kioo kwa muda gani pia sitaki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema isizidi saa moja kwa siku kwa wa miaka 2 hadi 4, na wa kwangu ameshapita huko.

Wala tusidanganyane kuhusu utoto wetu. Televisheni ilipoingia Tanzania Bara mwaka 1994, mtaani kwetu ilikuwa nyumba moja tu, na tulijazana dirishani mpaka mwenye nyumba akawa anavuta pazia. Tungekuwa na katuni usiku na mchana, kokoto za mdako zingebaki kokoto.

Jana dada kapiga simu kuuliza kama nimeshampeleka mtoto. Nikamwambia bado. Koridoni nyuma yangu safari ilikuwa imeiva, gari linajaza, konda ananong'ona na abiria nisiyemsikia. Kisha akapaza sauti: "Haya, leo madenti wote panda!"

Nilitamani kumuuliza kwa nini leo. Nikafunga mdomo, nikavuta ungo.