Namba ya Lugeon haitoshi kuamua kama mwamba utashika maji

Mwaka 1933 mwanajiolojia wa Uswisi, Maurice Lugeon, alieleza njia ya kupima kama mwamba utakaobeba bwawa unavuja. Unachoronga shimo, unafunga kipande chake kwa kizibo cha mpira kinachovimbishwa kikabana kuta, kisha unasukuma maji ndani ya kipande hicho kwa presha ya bar 10. Mwamba ukinywa lita moja kwa dakika katika kila mita ya shimo, hiyo ni Lugeon 1. Miaka zaidi ya 90 baadaye kipimo hiki bado ndicho kinachoamua saruji ya mamilioni ya fedha ya kuziba nyufa idungwe wapi na kwa kina gani. Je, kinastahili imani hiyo?

Wanaokitetea wana hoja nzito. Katika mwamba mgumu maji hayapiti kwenye jiwe, yanapita kwenye nyufa. Sampuli ya upana wa sentimita sita ukiipeleka maabara inaweza kuonekana haipitishi hata tone, ilhali mita moja pembeni kuna ufa unaomeza pampu nzima. Kipimo cha Lugeon kinafanyika mwamba ukiwa mahali pake, tena kwa vifaa ambavyo kambi yoyote ya uchorongaji inavyo: pampu, mabomba, geji na mita ya maji. Zaidi ya hayo, kinaeleweka na kila upande. Lugeon mwenyewe alishauri kwamba chini ya bwawa lenye kimo kinachozidi mita 30 mwamba usivuke Lugeon 1, na chini ya fupi zaidi usivuke 3. Mhandisi, mkandarasi na mwenye mradi wanaweza kubishana juu ya namba hiyo wakielewana.

Shida inaanzia kwenye zile bar 10. Mwamba wa kawaida una uzito wa tani 2.6 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya kina inakandamiza kwa takriban robo ya bar. Ili uzito wa mwamba ulingane na bar 10 unahitaji kina cha karibu mita 40. Ukisukuma presha hiyo kwenye mita 10 za juu, ambako nyufa ni nyingi na ndiko ukuta unakokalia, unaweza kuufungua mwamba kwa mkono wako mwenyewe na kuandika uvujaji ulioutengeneza wewe. Ndiyo maana huko juu watu hupima kwa presha ndogo na kukokotoa ingekuwa ngapi kwa bar 10. Kipande cha mita 5 kikinywa lita 15 kwa dakika kwa bar 5, hesabu inakupa Lugeon 6. Lakini hesabu hiyo inadhani ukizidisha presha maradufu, maji nayo yataongezeka maradufu. Mara nyingi haiwi hivyo.

Jibu bora kwa tatizo hili lilitolewa na A. C. Houlsby wa Australia mwaka 1976: pima kwa hatua tano, presha ianze chini, ipande ngazi mbili kisha ishuke kwa ngazi zile zile, dakika kumi kila hatua. Lugeon zikipanda kwenye kilele tu na kurudi chini, nyufa zilitanuka kwa muda. Zikizidi kupanda hata presha inaposhuka, maji yanasomba udongo uliojaa kwenye nyufa. Zikipungua hatua kwa hatua, kuna nafasi zinazojaa taratibu. Kwangu mimi hapa ndipo thamani yote ya kipimo ilipo, na hapa ndipo inapopotezwa: ripoti nyingi humfikishia mwenye mradi safu moja ya namba, na ule mwenendo wa hatua tano hauonekani kamwe.

Hata mwenendo huo una mpaka wake. Bwawa la upinde la Malpasset, karibu na Fréjus huko Ufaransa, lilivunjika tarehe 2 Desemba 1959 na kuua zaidi ya watu 400. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba mwamba wake wa naisi ulibadilisha sana upitishaji maji kadiri ulivyobanwa. Msukumo wa ukuta ulizifinya nyufa chini yake, maji yakazuiwa humo ardhini na presha yake ikausukuma mwamba. Kipimo cha shimoni kabla ya ujenzi hakiwezi kuona jambo hilo, kwa kuwa mzigo bado haupo.

Teton, huko Idaho, Marekani, ni kisa cha aina nyingine. Bwawa hilo lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza, watu 11 wakafa. Jopo huru lilipopima kwa maji baada ya ajali, lilikuta mwamba ulio chini kidogo ya kofia ya zege (zege linalomwagwa juu ya mwamba ili saruji idungwe kupitia humo) bado haujazibika vizuri, ingawa saruji ilikuwa imedungwa. Kipimo kile kile rahisi kilitoa ushahidi muhimu, baada ya watu kufa.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka kipimo hiki kitupwe. Ninachokipinga ni kukifanya kwa bei ya chini. Afrika Mashariki tumejenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, na Kenya inajenga Thwake. Mikataba ya kazi za aina hii ingepaswa kudai mashimo ya mshazari, maana shimo la wima hupishana na nyufa za wima bila kuzigusa. Idai kuchoronga kwa maji safi, kwa sababu tope huziba nyufa na kumpa mkandarasi Lugeon ndogo za uongo. Idai takwimu za hatua zote tano zikabidhiwe pamoja na picha za sampuli za kipande kile kile, na vipimo virudiwe katika mashimo mapya baada ya saruji kudungwa, kabla ya kulipia kazi hiyo.