Mmefuata Chips Addis?

Kuna rafiki yangu, jina nalihifadhi maana bado tunadaiana, alibeba kilo mbili za sembe kwenda Addis Ababa. Kwa siku nne! Alipokuta hotelini hakuna pa kusongea ugali, akaanza msako wa chips kuku.

Sasa ilikuwa Jumatano. Waorthodoksi wa Ethiopia Jumatano na Ijumaa wanafunga, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na migahawa inapika chakula cha mfungo. Mwenzetu akatangaza mezani kwamba hapa hamna chakula. Hamna chakula! Mbele yake sinia zima, injera, mkate wao laini kama chapati, pana kama ungo, juu yake dengu nyekundu zenye berbere, viungo vyao vya pilipili, sukuma, kabichi na karoti, na shiro, rojo zito la unga wa dengu, bado inatokota kwenye kijungu chake.

Ndiyo, injera ni chachu, nakubali. Tonge la kwanza nilidhani imelala. Lakini wenyewe wanauacha unga wa teff, nafaka yao ndogo ndogo, uchachuke siku kadhaa makusudi, na ukishachotea shiro unaelewa kwa nini. Halafu sisi wanywa togwa na mtindi tunapata wapi mdomo wa kulalamikia uchachu?

Mama mwenye mgahawa, kwa huruma, akakunja tonge akamnyooshea mdomoni. Ndiyo gursha hiyo, kulishana kwa heshima na upendo. Jamaa akageuza uso, akaaga, akaenda zake kutafuta chips. Nikalipokea mimi lile tonge. Kubwa, mashavu yalinijaa, machozi ya pilipili yakanitoka, na mama akacheka mpaka akashika meza.

Kitfo mbichi, ile nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa, sitamlaumu mtu akiikimbia. Mimi mwenyewe kesho yake niliagiza ya leb leb, iliyopitishwa motoni tu.

Na msidhani najifanya mjuzi. Dereva alituambia kwa Kiingereza atatupitia saa mbili, tukapiga hesabu ya Kizungu tukajua ni saa nane mchana. Kumbe Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri! Waswahili watatu wazima tumeachwa na gari tukipiga mswaki.

Turudi mgahawani. Binti alitandaza majani mabichi sakafuni, akachoma ubani, akaanza kukaanga kahawa mbele yetu. Wao wanaiita buna, nasi punje zake tunaziita buni, kwa hiyo hata hapo hatukuwa ugenini sana. Zilipoanza kutoa moshi akazungusha kikaango, kila mtu avute harufu kwa mkono. Akatwanga, akatia kwenye jebena, birika jeusi la udongo lenye shingo nyembamba, akaliweka kwenye makaa. Bisi zikaletwa. Hakuna aliyeangalia saa. Mzee wa meza ya jirani akatusogelea, akatufundisha majina ya vikombe kwa vidole: cha kwanza abol, cha pili tona, cha tatu bereka, baraka hiyo. Ukiondoka kabla ya bereka umeondoka mikono mitupu. Akatuuliza habari za Dar, tukamuuliza ya Merkato, soko lao kubwa, na lugha ikitushinda tunacheka tu. Hiyo ndiyo safari niliyoilipia nauli.

Bereka inamiminwa, mwenzetu huyo anaingia na mfuko wake wa chips, zimeshapoa. Akakaa, akapewa kikombe, akaonja, akakunja uso.

Akaomba maziwa. Jumatano.