Je, redio ndiyo iliyoliua gazeti Kanda ya Ziwa?

Mwaka 2017 Dkt. Harrison Mwakyembe, akiwa Waziri wa Habari, aliziagiza redio na televisheni zisome vichwa vya habari vya magazeti tu, zisiingie ndani ya habari zenyewe. Agizo hilo bado lina watetezi kila mauzo ya magazeti yanapozungumzwa, na hoja yao ni kwamba aliyekwisha kusomewa gazeti zima alfajiri hana sababu ya kulinunua saa tatu.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Habari hugharimu nauli, simu na malipo ya mwandishi wa mkoani, ambaye mara nyingi hulipwa kwa kila habari iliyochapwa. Gharama hizo hubebwa na gazeti, kisha redio huichukua habari bila kulipa chochote.

Hata hivyo, hesabu iliyopigwa Dar es Salaam haitoi jibu lile lile Mwanza. Tangu Tanganyika Standard la mwaka 1930, Uhuru la 1961, hadi Mwananchi la 2000, magazeti yetu makubwa ya kila siku yamezaliwa Dar, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Kwa miaka mingi gazeti la asubuhi lilitufikia mchana au jioni, na kwenye visiwa vya Ziwa Victoria lilifika kwa bahati. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, au mvuvi wa kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, aliyefungulia Radio Free Africa akiwa anatengeneza nyavu, hakuwa mteja aliyeporwa, kwa sababu hakuwahi kuwa mteja. Aliposikia gazeti likisomwa, ndipo alipojua kwamba lipo na linasema nini. Wachapishaji wanaodai kwamba redio imewanyang'anya wasomaji watuambie kwanza ni nakala ngapi walizokuwa wakizipeleka Ukerewe.

Kuna jambo jingine, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Ukurasa wa mbele ni wa Dodoma na Dar es Salaam. Habari za Sengerema, Magu au Ukerewe hukaa kurasa za ndani, mara nyingi aya tatu tu chini ya tangazo la zabuni. Amri ya kuishia kwenye vichwa vikubwa, kwa hiyo, haikugawa hasara sawasawa: ilizinyamazisha hasa habari zetu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 220 wakafa. Siku zilizofuata Ukara ilikuwa kurasa za mbele nchi nzima. Lakini malalamiko kuhusu hali ya kivuko hicho yalikuwa yamekwisha kufikishwa bungeni na Mbunge wa Ukerewe, na habari ya namna hiyo, kabla ya maafa, haiwi kichwa kikubwa. Anayeweza kuwafikishia wakazi wa kisiwani ni msomaji wa redio aliyefungua ukurasa wa tisa.

Wanaotaka redio zilipe wana haki kamili, na mimi ningeunga mkono ada ya kila mwezi, pamoja na sharti la kutaja jina la gazeti na la mwandishi kila habari inaposomwa. Ila sehemu ya ada hiyo imfikie mwandishi wa mkoani aliyeifuata habari hiyo kisiwani, isiishie kwenye ofisi za Dar.