Mvua ya Shahamu

Kofia yenyewe ilikuwa ya viua, ya kushonwa kwa mkono kule Lamu, kitundu kimoja kimoja. Kofia ya namna hiyo haimaliziki kushonwa kwa wiki mbili. Mshonaji huishika miezi, akiiweka chini akenda kuswali, akirudi akaendelea. Baba mkwe wangu anayo moja tu ya daraja hiyo, na huivaa Ijumaa, Idi, na maziko ya watu wa maana. Bado anayo. Ila sasa ina harufu, na harufu hiyo ni mimi.

Chanzo ni simu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni muuguzi Uingereza, na nyumba yake iko kijijini, dirisha la jikoni linatazama mashamba. Januari moja akanipigia kwa video.

"Mjomba, shikamoo. Hebu tazama hapa nje."

Nikatazama. Kweupe tupu, theluji mpaka juu ya ua. Kwenye tawi kuna kikapu cha waya, ndani yake kitu cheupe kama sabuni, na juu ya kitu hicho vindege vya bluu na njano vimening'inia, miguu juu kichwa chini, vinadonoa kama vilivyotumwa na mwenye duka.

Akanieleza kwamba ile ni shahamu iliyochanganywa na mbegu. Kindege kile uzito wake ni gramu 11 hivi, tuseme sukari ya kikombe kimoja cha chai kwa mtu wa pwani. Katika siku zao fupi kabisa, saa kumi jioni jua limeshazama na haliji tena mpaka zipite saa 16. Usiku kucha kindege kinachoma mafuta ya mwilini ili kisigande, na asubuhi kisipopata cha kula upesi, basi. Kwa hiyo watu huwawekea. Tena kila mwishoni mwa Januari huwa kuna siku za kuhesabu: raia anakaa dirishani saa nzima, anaandika ndege aliowaona, anapeleka hesabu yake. Mambo hayo walianza 1979 na bado hawajachoka.

"Na yule jirani yetu mkulima," akasema, "ameacha ukanda mzima wa shamba na mbegu zake. Havuni. Ni wa ndege."

Hapo nikamwambia arudie. Amepanda, halafu havuni? Mimi nimekulia shambani nikipiga debe toka alfajiri kufukuza ndege kwenye mpunga. Utoto wangu wote nimeumaliza katika vita na ndege, na kumbe kuna nchi mkulima anawaandalia karamu.

Nikaingiwa na wivu, sijui wa nini. Nikasema na mimi ndege wangu watakula.

Kabla ya kulisha, nikataka kwanza kuwajua. Nikaazima darubini kwa rafiki anayefanya kazi ya kutembeza wageni, nikaondoka naye kabla ya jua kutoka mpaka pale mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini ya mji wetu wa Malindi, kama unakwenda Mambrui. Nilikuwa nimepita juu ya daraja lile mara elfu bila kugeuza shingo. Na asubuhi ile, kusema kweli, nilikaa chini mchangani nikasahau chai.

Kulikuwa na heroe mbali kwenye maji ya kahawia, wamesimama kwa mguu mmoja kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Karibu yangu, ukingoni, vitwitwi. Wimbi likirudi wanalifuata mbio wakidonoa, wimbi likija wanakimbia mbio mbele yake, miguu haionekani kwa upesi, mamia kwa pamoja, kama watoto wa chuo waliosikia mwalimu anakuja. Mmoja alisimama karibu hata nikaona tope limemganda kwenye mdomo. Akanitazama, akatazama wimbi, akaona afadhali wimbi.

Rafiki yangu akanionyesha baadhi yao akasema hawa wameanguliwa Siberia. Kwao kukigeuka barafu wanafunga safari, wanakuja kukaa hapa kaskazi yote, wanakula vidudu vya kwenye tope hili mpaka wanenepe, kisha masika yakikaribia wanarudi kwao kuzaa.

Mtu mwenye akili angeelewa pale pale. Ndege wa majira ya baridi wameshakuja wenyewe, wameshakaa mezani, na wanaosha midomo kwa maji ya chumvi. Hawana haja na shahamu ya mtu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaahidi, na mpwa wangu anasubiri picha.

Alhamisi nikaenda kwa muuza nyama sokoni, nikamwambia nataka shahamu, kilo mbili, ile nyeupe ya kwenye figo.

"Una mgonjwa wa kuchua?"

"Ni ya ndege."

Akasimama na kisu mkononi. "Ndege gani anakula kilo mbili?"

Sikumjibu. Nikapita dukani, nikanunua mawele na chenga za mchele, nikarudi nyumbani, nikatia shahamu motoni. Mke wangu akaingia jikoni akaona ni sufuria yake ya pilau. Maneno aliyoyasema siyaandiki, ila alimaliza kwa kuniuliza kama katika ukoo wetu kuna mwingine aliyeanza hivi.

Nikamwaga mchanganyiko ndani ya vifuu sita vya nazi, nikavipanga kwenye friji. Baada ya Magharibi vilikuwa vimeganda kama mawe. Nikavitundika kwenye mwembe wetu wa ngowe kwa kamba za usumba, vikiwa vimeinama kidogo ili ndege apate pa kudonolea. Upepo wa usiku ulikuwa mzuri. Nikarudi nyuma hatua tatu nikajisifu.

Usiku ule ule baba mkwe akawasili kwa basi kutoka Lamu, amekuja kutazamwa macho hospitali. Tukamkaribisha, akala, akalala. Hakuuliza kilichoning'inia mwembeni kwa sababu hakukiona. Kutoona huko ndiko kulikomleta.

Asubuhi nikatoa kiti, daftari na kalamu, nikaanza saa yangu moja kama watu wa Uingereza. Kufika saa mbili na robo nilikuwa nimeandika kunguru. Saa mbili na nusu, kunguru. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasafishe takataka, wakaona kazi nzuri na mahali pazuri, wakaishukia pwani yote. Ni wageni walioalikwa kufagia ua wakabaki kuila nyumba. Kuku akiwa na vifaranga, wao ndio wanaojua idadi. Kiota cha chozi au mnana wakikiona wanakila mayai. Wale vindege niliokuwa nawaota walikaa mbali kwenye mkwaju wakisubiri mabwana wale washibe, na mabwana hawashibi.

Chini ya mwembe paka wanne walikuwa wamekaa duara, wametazama juu kwa adabu. Mbuzi wawili wa jirani wakaja kuramba chenga zilizoanguka. Nikaona hii si hesabu, nikaingia ndani kuoga niende msikitini.

Hapo ndipo nilipokosea kweli. Kaskazi ya Malindi, saa tano asubuhi ya Januari, saruji inakuunguza nyayo. Shahamu yangu ilikuwa imeganda kwa hisani ya friji tu.

Baba mkwe alikuwa ameshatawadha. Kanzu nyeupe inayong'aa, kofia ya viua, marashi. Akatafuta kivuli, na kivuli chote cha ua ule kiko chini ya mwembe. Akavuta kitanda cha kamba, akakiweka sawasawa chini ya kifuu cha tatu, akaketi, akaanza kuvuta uradi.

Nilipotoka alikuwa ameinua uso.

"Mwanangu, mti huu wavuya?"

Nikatazama. Doa moja kwenye bega, la duara, linapanuka polepole. Ningeweza kusema kweli. Ulimi ukatoka na jibu lake.

"Ni utomvu, baba. Ngowe huwa na utomvu sana."

Akatikisa kichwa. Tone la pili likampata juu ya kofia, katikati, likazama kwenye viua. La tatu likafuata njia hiyo hiyo. Akapitisha kidole, akakinusa.

"Utomvu wanuka nyama?"

Kimya.

"Mato yangu ni mabovu, mwanangu. Pua ni nzima."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na hakunisaidia kwa neno. Baba mkwe akaivua kofia, akaiweka pembeni ya kitanda ili ajifute kitwa, kama anavyosema mwenyewe. Ilikaa pale kwa muda wa kusema bismillahi. Kunguru mmoja akashuka kutoka kwenye tawi la chini bila haraka, kama mtu anayechukua chake, akaibana kofia kwa mdomo, akaruka nayo.

Tulimfukuza. Mimi, mke wangu na ufagio, watoto wa jirani watano, na paka mmoja aliyedhani ni mchezo. Kunguru akavuka ua wa makuti, akavuka shamba la mabua, akatua juu kabisa ya mnazi mrefu wa jirani, akaitia kofia ndani ya kiota chake. Nyuma tulisikia sauti ya mzee ikiuliza, kwa upole wa kutisha, "I wapi kofia yangu?"

Mgema anayegema minazi ile alikuwa karibu, alhamdulillahi. Nikamwomba apande. Akatazama juu muda mrefu.

"Kwa tembo napanda bure. Kwa kunguru mwenye kiota, shilingi mia tano na kofia yangu mwenyewe."

"Kofia gani?"

Akanyoosha mkono kuelekea jikoni kwetu. Na hivyo ndivyo sufuria ya pilau ya mke wangu ilivyopanda mnazi, ikiwa kichwani mwa mgema, imefungwa kidevuni kwa leso. Kunguru wawili walimshukia kwa zamu na kila walipompiga tulisikia chini: ngaa! Ngaa! Waumini waliokuwa wakipita kwenda msikitini wakasimama. Hakuna aliyeuliza. Wengine wakatoa simu.

Wakati huo mimi, kwa kuogopa mvua isije ikampata mzee tena, nikapanda mwembe kuvitungua vile vifuu. Mwembe wenye shahamu iliyoyeyuka huwa na wenyewe. Mkaazi wa pwani anawajua maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, na anajua kwa nini wameitwa hivyo. Walikuwa wameshafika kwa msafara mzima. Wa kwanza aliniuma kwenye kiwiko. Wa mwisho sitasema wapi. Nilishuka upesi kuliko nilivyopanda, na kikoi hakikushuka nami. Nilikuwa na suruali fupi ndani, lakini wale waumini hawakuwa na hakika na hilo mara moja.

Mgema akateremka na kofia. Akateremka pia na kijiko chetu cha chai kilichopotea tangu Ramadhani, kwa kuwa kiota kile, alisema, kilikuwa karakana: nyaya za kufungia, vipande vya seng'enge, na kijiko. Mke wangu alikipokea kijiko akanitazama. Kwa miezi yote ile alikuwa akimshuku dada yangu.

Kofia ililowekwa maji ya moto na sabuni ya mche mara tatu. Doa likatoka, mshono ukasalimika, harufu ikakataa. Baba mkwe akenda kuswali kwa kofia yangu, ambayo ni kubwa, ikamshukia mpaka masikioni, na alipokuwa akisujudu ilikuwa ikitangulia.

Jioni nikamtumia mpwa wangu hesabu, kama nilivyoahidi. Kunguru 31. Paka 4. Mbuzi 2. Mgema 1. Maji moto, hawahesabiki. Ndege wadogo: walikuwepo, mkwajuni, wakitazama.

Akapiga simu, anacheka hata maneno hayatoki. "Lakini mjomba, hata huku kukipata joto tunazitoa zile za shahamu. Zinayeyuka."

"Na mbona hukuniambia?"

"Uliniambia unataka picha."

Siku hizi naweka bakuli la maji tu, chini, karibu na mchungwa. Huja tetere na kurumbiza, wanaoga, wanakwenda zao. Darubini niliirudisha, kisha nikanunua yangu, ya mtumba, jicho moja lina ukungu, na Jumamosi nikipata nafasi naenda Sabaki kuwatazama wale waliojipakulia wenyewe.

Macho ya baba mkwe yalitibiwa, yakapona vizuri. Kila kaskazi ikiingia hunipigia kabla ya kukata tikiti ya basi. Hatuulizani habari ya afya kwanza.

"Mwanangu," husema, "huko mwembeni ni kukavu?"