Kabla ya kununua mche, pasua kiriba

Mnunuzi wa miche hapa Uganda huangalia urefu na rangi ya majani, basi. Mimi namshauri anunue mche mmoja wa msonobari, apasue kiriba (kifuko cha plastiki chenye udongo wa mche) palepale na kutazama mizizi.

Mizizi midogo iliyopata fangasi wake, wale wanaoishi nayo na kuusaidia mti kupata chakula, huwa mifupi, minene, na ncha zake zimegawanyika mbilimbili. Mara nyingine utaona hata nyuzi nyeupe zimeshikilia udongo. Pinus caribaea, msonobari unaopandwa zaidi kwetu, umetoka Amerika ya Kati na Karibi, na fangasi wanaoufaa hawakuwa wenyeji wa udongo huu. Ndiyo maana sehemu nyingi za Afrika miche ya mwanzo ya misonobari ilidumaa na kugeuka njano, mpaka ulipoletwa udongo kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kukomaa.

Fosforasi, kirutubisho cha mimea, imo katika udongo wetu mwekundu, ila chuma na alumini vimeing'ang'ania. Nyuzi za fangasi hupenya mahali ambapo mzizi haufiki, zikauletea mti fosforasi hiyo na kulipwa sukari.

Sasa mwenye kitalu anayetaka kuuza haraka humwaga DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi. Mche ukishiba fosforasi hauna sababu ya kulisha fangasi, kwa hiyo mizizi hubaki mitupu huku majani yakimeremeta. Halafu unapelekwa wilaya ya Nakasongola, kwenye kiangazi na udongo maskini, na mwenye shamba anawalaumu mchwa. (Mchwa nao wamo, sikatai.)

Miti kama mvule, musizi na kahawa ina fangasi wa aina nyingine, wanaoishi ndani ya mzizi na wasiotoa uyoga. Hao huwaoni bila hadubini, basi kupasua kiriba hakusaidii. Uliza udongo ulichotwa wapi. Wa juu, wenye mizizi ya mimea mingine, huwa nao. Ule uliofukuliwa kwenye shimo la choo, na viribani umejaa tele, una wachache mno.

Unga wa fangasi wa kuagizwa nje sioni faida yake kwa mtu anayepakana na shamba la zamani la misonobari. Aombe ndoo kadhaa za udongo wa juu, achanganye kiasi kidogo katika kila rundo la udongo wa kitalu. Tahadhari ni kwamba udongo huo unaweza kuja na magonjwa ya mizizi, kwa hiyo usichotwe chini ya miti inayokauka. Na anayechoma udongo wa kitalu ili kuua vimelea anaua na fangasi wema. Udongo wa chini ya misonobari auongeze baada ya rundo kupoa.